Miaka miwili koleji, miwili chuo kikuu: hesabu inayoanzia mwisho

Juzi baada ya sala ya alasiri, jirani yangu wa hapa Langoni alinijia barazani na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na barua kutoka koleji moja ya Marekani. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne kwa alama ya B-, amekubaliwa.

"Mwalimu, nisomee barua hini vizuri," akaniambia. "Nimeelezwa ni miaka miwili koleji, miwili chuo kikuu, kisha digrii. Nikiuza kile kiwanja cha Mokowe nitamudu miwili ya kwanza. Miwili ya mwisho Mungu atafungua."

Niliisoma mara mbili. Katika mstari wa nne palikuwa na herufi tatu ambazo hakuna aliyemfafanulia: AAS, alama ya digrii ya ufundi. Binti anataka uhandisi wa ujenzi, na kwa herufi zile angeweza kusoma miaka miwili mizima, akafaulu vizuri, kisha akafika chuo kikuu na kuambiwa aanze karibu na mwanzo. Mzee hakudanganywa. Barua ilisema kweli tupu, ila ni kweli iliyoandikwa kwa msomaji anayeujua utaratibu wa kule, na sisi wa huku hatuujui.

Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa wazazi wengine wa Lamu na Malindi wenye barua kama hiyo kabatini. Njia hii ni nzuri. Imewafikisha watu wengi ambao mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwao. Lakini ina hesabu yake, na wengi wetu tunaianzia upande usiofaa.

Koleji hizi zilikotoka

Koleji ya jamii, kama Wamarekani wanavyoiita, ni chuo cha umma kinachotoa miaka miwili ya kwanza ya elimu ya juu. Ya kongwe kuliko zote zilizopo ni Joliet Junior College katika jimbo la Illinois, iliyoanza mwaka 1901 na wanafunzi sita tu. Nia ilikuwa kwamba kijana wa mji ule asome masomo ya miaka miwili ya mwanzo akiwa kwao, kisha ahamie chuo kikuu kwa miaka iliyobaki. Kwa hiyo kuhama si ujanja uliobuniwa baadaye na mawakala. Ndiyo sababu koleji hizo zilianzishwa.

Zina sifa moja inayowavutia sana watu wetu: nyingi hupokea yeyote aliyemaliza sekondari. Hapa Kenya mtu hawezi kuingia digrii moja kwa moja bila C+ katika KCSE, na diploma nyingi zinataka C-. Kule, mwenye C- anaweza kuanza safari ya digrii mwaka huo huo. Ni neema kubwa kwa kijana aliyeteleza kwenye mtihani mmoja wa wiki chache. Nitarudi mwishoni kwenye jambo linalomngoja mtu huyo akirudi nyumbani, maana hapo pana mwamba chini ya maji.

Masomo ya kule hupimwa kwa krediti. Neno hili limewapotosha wazee wengi niliozungumza nao, wakadhani ni mkopo. Krediti ni kipimo cha kozi. Kozi ya kawaida ina krediti tatu, yaani takriban saa tatu za darasa kwa wiki katika muhula mzima, na za sayansi zenye maabara huwa na nne au tano. Digrii ya miaka miwili huhitaji krediti 60 hivi, ile ya miaka minne 120. Vyuo vingine hugawa mwaka kwa robo badala ya mihula miwili, na huko hesabu huwa 90 na 180. Ukiona namba hizo usishtuke, mzigo ni ule ule.

Sitini na sitini ni mia na ishirini. Ndiyo hesabu inayoelezwa kila mahali, nayo inaonekana haina pa kukosewa.

Kupokelewa na kuhesabiwa

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikwenda kwa njia hii. Alimaliza koleji na krediti 62, akaandika maombi, na chuo kikuu kikamjibu kwamba kimepokea krediti zote 62. Dada yangu alipeleka halua kwa majirani siku ile. Wiki ya kwanza ya muhula kijana akaitwa na mshauri wa masomo, akawekewa karatasi mbele yake. Krediti zote 62 zilikuwemo, lakini 39 tu ndizo zilizowekwa ndani ya digrii yake ya kompyuta. Ishirini na tatu zilizobaki ziliandikwa chini, kwenye safu ya kozi za hiari, na digrii ile haikuwa na nafasi ya kozi za hiari nyingi kiasi hicho. Alibakiwa na krediti 81. Kwa mwendo wa 15 kila muhula, hiyo ni mihula sita, si minne. Mwaka ule wa ziada ulilipwa kwa bangili za dhahabu za mama yake.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, nami naomba msomaji akae nalo kidogo. Krediti inaweza kupokelewa bila kuhesabiwa. Kupokelewa ni chuo kikuu kukiri kwamba kweli ulisoma kozi ile mahali panapotambulika. Kuhesabiwa ni idara ya fani yako kukubali kwamba kozi ile inashika nafasi ya kozi yao fulani, ili usiirudie. Mambo hayo huamuliwa na watu tofauti, mara nyingi katika ofisi tofauti na miezi tofauti. La kwanza huandikwa kwenye barua ya kukubaliwa. La pili mwanafunzi asiyeuliza hulijua akishafika, karo ikishalipwa.

Mpwa wangu hakuwa peke yake. Mwaka 2017 GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi ya serikali, ilichapisha ripoti juu ya wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009, ikakadiria kwamba walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Waliohama kutoka chuo cha umma kwenda kingine cha umma walipoteza asilimia 37. Walio na hali mbaya zaidi ni wale wachache waliotoka vyuo vya binafsi vinavyoendeshwa kwa faida wakaingia vya umma: asilimia 94. Namba hiyo ya mwisho ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila wakala anayepita mitaani na vipeperushi vya rangi. Kabla ya jambo lolote jingine, uliza koleji ni ya nani, na ithibati yake, yaani kibali cha ubora wa elimu yake, imetolewa na nani. Kisha iulize ofisi ya chuo kikuu unachokitaka, si koleji yenyewe, kama ithibati hiyo wanaitambua.

Tena, krediti huhama lakini alama zenyewe kwa kawaida hazihami. Wastani wako huanza upya. Na vyuo vikuu vingi havichukui kozi uliyopata chini ya C, hata kama koleji ilikuhesabia kuwa umefaulu. D ya koleji ni karo iliyokwenda na maji.

Zile herufi

Kuna aina tatu za digrii ya miaka miwili zinazokutana na watu wetu mara nyingi. AA ni ya masomo ya jumla na sanaa, AS ni ya sayansi, na zote mbili kwa kawaida zimeundwa ili mtu ahamie chuo kikuu. AAS ni ya ufundi na kazi: imeundwa ili mtu akimaliza aende kazini. Fundi wa mitambo ya baridi, fundi wa magari, msaidizi wa ofisi ya sheria. Ni digrii ya heshima, na kwa anayetaka kazi hiyo huenda ndiyo bora kuliko zote. Lakini hisabati yake si ile inayotakiwa na digrii ya uhandisi, na kozi zake nyingi za ufundi hazina mwenzake katika chuo kikuu.

Barua ya jirani yangu ilitaja AAS ya ufundi wa ujenzi. Neno "ujenzi" lilikuwepo na neno "uhandisi" lilikuwepo, baba akaridhika. Nani asingeridhika?

Uuguzi una njia yake, nao nausema kando kwa sababu nusu ya wasichana wanaokuja kwangu wanautaka. Mwenye digrii ya miaka miwili ya uuguzi hufanya mtihani ule ule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye digrii ya miaka minne, na ziko programu maalumu za kumpandisha kutoka ya kwanza hadi ya pili baadaye. Tatizo lake ni foleni. Katika koleji nyingi nafasi za uuguzi hugombaniwa sana, na kukubaliwa koleji si kukubaliwa uuguzi. Barua ikisema umeingia koleji, uliza: na uuguzi je, nimeingia?

Pima ukuta kwanza

Fundi wa milango hapa Lamu hachongi mlango kisha akatafuta nyumba ya kuutia. Hupima tundu la ukutani kwanza. Sisi tunafanya kinyume: tunachagua koleji kwa sababu iko mji anaokaa binamu, tunasoma miaka miwili, ndipo tunatafuta chuo kikuu kitakachotoshana na tulichokisoma.

Utaratibu wa busara ni kuanza na fani. Kisha vyuo vikuu viwili au vitatu vyenye fani hiyo ambavyo familia inaweza kuvilipia. Kila kimoja huwa kimetangaza mpango wa masomo wa fani, muhula kwa muhula, tangu wa kwanza hadi wa nane. Chukua mihula minne ya kwanza. Hiyo ndiyo orodha ya unachopaswa kukisoma koleji, na koleji unayoitafuta ni ile yenye kozi hizo na yenye mkataba wa maandishi na chuo kikuu hicho, unaosema kozi yetu hii ni sawa na kozi yenu ile. Mikataba ya namna hiyo ni ya kawaida sana kule, hasa baina ya koleji na vyuo vikuu vya umma vya jimbo moja. Ndiyo maana ukisoma koleji ya jimbo moja na kuhamia chuo kikuu cha jimbo jingine unajitafutia kazi mwenyewe.

California wamekwenda mbali zaidi kuliko wengi. Wana tovuti ya umma iitwayo ASSIST, ambayo mtu yeyote, hata aliye kwenye simu yake pale Mkunguni, anaweza kuitazama aone kozi ya koleji fulani inalingana na ipi katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo. Tangu sheria ya mwaka 2010 wana pia digrii ya miaka miwili ya kuhamia, inayomhakikishia aliyeimaliza kwa masharti yake nafasi katika mfumo wa California State University akiwa amekwisha kufika nusu ya digrii. Neno la kuangaliwa ni "mfumo". Huahidiwi kampasi ile uliyoiota.

Kwa fani za sayansi na uhandisi kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye jumla ya krediti: mpangilio. Uhandisi huhitaji hisabati ya kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo ya kalkulasi (differential equations). Kozi nne, na kwa kawaida kila moja ni kizingiti cha inayofuata. Fizikia nayo husubiri kalkulasi. Mihula ya koleji ni minne. Maana yake, binti anapaswa kuanza kalkulasi muhula wa kwanza kabisa. Koleji nyingi humpima kwa mtihani wa kumpanga darasa. Akiteleza huo mtihani atawekwa kwenye aljebra, pengine kwenye kozi ya kuimarisha ambayo haihesabiwi katika digrii hata kidogo, na mnyororo wote utachelewa muhula mmoja au miwili. Kwa hiyo miezi hii kabla ya safari si ya kupumzika. Sura za kidato cha nne za kalkulasi, ambazo wengi walizipitia haraka mtihani ukikaribia, ndizo zenye faida kubwa kwake kuliko koti la baridi.

Viza na hesabu ya 12

Mwanafunzi wa kigeni huenda kwa viza ya F-1, na sharti lake mojawapo ni kusoma muda wote. Kwa digrii ya kwanza hiyo ni krediti 12 kwa muhula. Vijana hulishika sharti hilo kama mwongozo: wananiambia, "Mwalimu, ni 12." Zidisha 12 kwa mihula minne upate 48. Bado 12 kufika 60. Kumi na mbili zinalinda viza lakini hazimalizi digrii kwa miaka miwili. Kwa hilo ni 15 kila muhula, au kujaziliza wakati wa kiangazi. Na katika zile 12, si zaidi ya kozi moja ya mtandaoni inayohesabiwa kila muhula.

Kuhama koleji kwenda chuo kikuu hakuhitaji kurudi ubalozini kuanza upya ikiwa hadhi yako imetunzwa. Koleji huhamisha kumbukumbu zako katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS, chuo kikuu kinatoa fomu mpya ya I-20, karatasi inayothibitisha kwamba kimekukubali, na unapaswa kuanza ndani ya miezi mitano. Usikae katikati ukingojea.

Lakini I-20 hiyo mpya ndiyo inayomgusa jirani yangu. Ili kuitoa, chuo kikuu kitataka tena kuona fedha. Na karo ya chuo kikuu kwa mgeni kwa kawaida ni kubwa kuliko ya koleji, wakati mwingine kwa mbali. Yeye amepanga kiwanja kwa miaka miwili iliyo rahisi na kuiacha iliyo ghali. Najua imani yake na ninaishiriki, lakini mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, na kazi anayoruhusiwa mwaka wa kwanza ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Saa 20 hizo hulipa chakula na simu. Hazilipi karo. Hesabu ya miaka minne ifanywe kabla ya kuuza chochote, na iingize kodi ya nyumba, maana koleji nyingi za jamii hazina mabweni.

Na hapa nina jambo la kusema kwa wazazi wa watoto waliopata A na A-. Vyuo vikuu vingi vya kule huweka sehemu kubwa ya ufadhili wao kwa wanaoingia mwaka wa kwanza. Anayehamia mwaka wa tatu hukuta kidogo kilichobaki. Mtoto wa namna hiyo akipelekwa koleji kwa sababu ni rahisi, huenda amekosa ufadhili ambao ungemgharimia miaka yote minne. Aombe kwanza moja kwa moja. Washauri wa EducationUSA walio Nairobi husaidia bila malipo, na sijui kwa nini tunawalipa mawakala kabla ya kuwauliza wao.

Ule mwamba nilioutaja mwanzo ni huu. Mwenye C- anayepata digrii Marekani ana digrii ya kweli. Lakini akirudi Kenya, vyeti vyake vitalinganishwa, na baadhi ya waajiri na taaluma hutazama pia KCSE. Tume ya Walimu, TSC, kwa kawaida humtaka mwalimu wa sekondari mwenye digrii awe na C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili anayofundisha. Anayetaka kurudi kufundisha Faza au Kizingitini alijue hilo leo, kabla hajavuka maji.

Jirani yangu alinisikiliza mpaka magharibi. Kesho yake alimleta binti. Tukafungua mipango ya vyuo vikuu vitatu kwenye simu, akaiandika kwenye daftari la mistari, kozi za koleji upande wa kushoto, za chuo kikuu kulia. Penye pengo akaweka duara. Kisha akaviandikia barua pepe vyuo vyote vitatu swali moja: katika kozi hizi, zipi zitahesabiwa katika digrii ya uhandisi wa ujenzi, si kupokelewa tu? Kimoja kimejibu baada ya siku nne na jedwali zima. Koleji nayo imesema ina AS ya uhandisi, na kwamba angeweza kuiomba tangu mwanzo. Barua mpya inangojewa, na akiitwa ubalozini akaulizwa kwa nini koleji hiyo, atakuwa na daftari la kujibia. Kiwanja cha Mokowe bado hakijauzwa. Jumamosi baba na binti wanapanda basi kwenda Malindi kwa ami yake, kuhesabu mwaka wa tatu na wa nne.